Shindano la kula phaal Birmingham, kesho yake nina ndege. Nijaribu?

Mchuzi_Mzito:
Habari za jioni wakuu. Niko Birmingham kikazi, na wenyeji wangu wanataka kunipeleka Jumamosi usiku kwenye mgahawa wenye shindano la phaal, ule mchuzi wa mikahawa ya Kibangladeshi ya hapa Uingereza ambao hata vindaloo, mchuzi mwingine mkali wa Kihindi, haiufikii kwa ukali. Masharti yao: umalize sahani nzima, usiguse maziwa wala mtindi mpaka umalize, na kabla ya kuanza unasaini karatasi kwamba lolote litakalokupata ni juu yako. Ukishinda wanabandika picha yako ukutani.

Pilipili naipenda tangu utotoni, chakula kisichowasha kwangu si kitamu. Ila wanasema wanatia pilipili iitwayo bhut jolokia, na hiyo sijawahi kuionja. Jumapili asubuhi nina safari ndefu ya ndege. Picha ile naitaka kweli. Mliowahi kushiriki mambo haya ugenini, nijiandaeje? Na mpishi nimuulize nini?

Mama_Kitoweo:
Mkuu, tazama kwanza tarakimu. Kwenye kipimo cha Scoville cha ukali wa pilipili, alichokianzisha mfamasia wa Kimarekani Wilbur Scoville mwaka 1912, jalapeño iko kati ya 2,500 na 8,000. Habanero kali hufika 350,000. Bhut jolokia inapita 1,000,000, na mwaka 2007 Guinness waliitangaza kuwa kali kuliko zote duniani (baadaye zikaja Carolina Reaper na Pepper X). Unaweza kuwa mlaji hodari wa pilipili na bado hujakaribia huko.

Mpishi muulize jambo moja tu: ukali unatoka kwenye pilipili yenyewe au kwenye dondoo ya chupa? Pilipili nzima ina maji na nyama yake. Dondoo ni kapsaisini (kile kinachowasha kwenye pilipili) iliyokolezwa, na tone likizidi kidogo sahani imebadilika kabisa. Akisema dondoo, mimi siketi mezani.

Tena usiende na njaa. Kula wali au mkate saa moja au mbili kabla.

Zamu_ya_Usiku:
Nafanya kazi idara ya dharura, kwa hiyo nitasema la kwangu. Mdomo usikutishe sana. Kapsaisini inaamsha kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1, kilekile kinachohisi joto kali, ndiyo maana unahisi moto bila kuungua. David Julius alipata Nobel mwaka 2021 kwa kazi iliyokigundua. Maumivu hayo yatapungua.

Kinachonitia hofu ni ndege yako. Tumbo linaweza kusokota saa kadhaa baada ya kula, kisha kutapika au kuharisha. Hapo uko juu angani, mkanda umefungwa, choo kina foleni. Kama una pumu, vidonda vya tumbo au shida ya moyo, usishiriki kabisa. Na ukipata kichwa kinachouma ghafla kama radi, au kifua kubana, nenda hospitali hapohapo. Mwaka 2018 madaktari waliripoti habari za mtu wa miaka 34 aliyekula Carolina Reaper kwenye shindano huko New York: mishipa ya damu kichwani mwake ilibana. Alipona, lakini ilibidi aende hospitali.

Mchuzi_Mzito:
Asanteni sana, Mama_Kitoweo na wewe wa zamu. Pumu sina, vidonda sina. Na maji? Masharti yanaruhusu maji bila kikomo.

Mama_Kitoweo:
Maji hayakusaidii, kapsaisini haiyeyuki humo, inasambaa tu mdomoni. Maziwa yana kasini, protini inayoinasa na kuiondoa. Agiza glasi iwekwe mezani tangu mwanzo, hata kama huruhusiwi kuigusa mpaka mwisho. Na nawa mikono kwa sabuni kabla hujapangusa macho, au hujaingia msalani.

Mchuzi_Mzito:
Nimewapigia simu. Sahani ya shindano inatiwa dondoo pamoja na pilipili, mwenye mgahawa amesema wazi bila kuficha. Phaal ya kawaida ya kwenye menyu haina dondoo, ni pilipili tupu. Nimeomba meza ya Alhamisi badala ya Jumamosi, tutaagiza hiyo ya kawaida sahani moja tule wanne, na mtindi nimeshauagiza. Wenyeji wangu wameona sawa.

Zamu_ya_Usiku:
Alhamisi ni vizuri, Ijumaa nzima utakuwa karibu na choo. Onja kijiko kimoja, subiri dakika kumi, ndipo uendelee.