Mrejesho: chupa ya CPAP iliyokosa mapovu

Wenzangu, niliuliza kwa nini chupa ya CPAP (kifaa kinachompa mtoto hewa yenye shinikizo kupitia puani) haikutoa mapovu kwa njiti aliyezaliwa wiki ya 29 ya ujauzito, ilhali mrija wa kutolea pumzi umezama sm 6 kwenye maji ya chupa na hewa ni lita 7 kwa dakika.

Kama mlivyoelekeza, mirija ya puani ilichomolewa na kuzibwa kwa vidole. Mapovu yakarudi papo hapo, kwa hiyo mashine ilikuwa nzima. Hewa ilivuja upande wa mtoto, puani na mdomoni. Mirija ilikuwa midogo na mdomo wazi. Saizi inayofuata ilijaza tundu bila ngozi kugeuka nyeupe, ikaachwa nafasi ya mm 2 kati ya mirija na ukuta unaotenganisha matundu ya pua ili usichubuke. Mrija wa tumboni ukaachwa wazi, maana tumbo likijaa hewa hubana mapafu.

Oksijeni tuliyompa ilishuka kutoka asilimia 45 hadi 28, SpO2 (kiwango cha oksijeni kwenye damu) ikiwa asilimia 90–95. Hapa ndipo penye uzito: shinikizo likipotea, vifuko vya hewa husinyaa, tunaongeza oksijeni, nayo ikizidi huumiza mapafu machanga na kuchangia ugonjwa sugu wa mapafu.

Maji yanayojikusanya kwenye mrija wa kutolea pumzi nayo yamwagwe. Hupandisha shinikizo kimyakimya.