Tupeane uzoefu: Baiskeli ya milimani wikendi, njia ikiwa imefurika watu

Wakuu, heshima zenu.

Nina miaka sita kwenye baiskeli za milimani, na njia ninayoipenda kuliko zote ndiyo ile ya karibu na nyumbani. Shida ni kwamba Jumamosi kila mtu anaipenda: watembeaji, wakimbiaji, watoto, mbwa, na sisi wa magurudumu.

Naanza na la kwangu. Jumamosi iliyopita nilikuwa nateremka kipande ninachokijua nje ndani. Kuna kona ya kushoto iliyozibwa na kichaka. Siku za kazi alfajiri huwa naiingia bila kugusa breki. Safari hii nilibana mapema kidogo, sijui hata kwa nini. Kuzunguka tu, naona mtoto wa miaka kama minne kachuchumaa katikati ya njia, anapanga vijiwe. Hakuinua hata kichwa. Tairi la mbele lilisimama hatua mbili kutoka kwenye vidole vyake. Mama yake alikuwa pembeni akifunga kamba za kiatu. Hakunifokea, alinitazama tu. Nilishuka nikaikokota baiskeli mpaka chini, magoti yananitetemeka.

Sasa najipimia hivi: mwendo wangu usizidi umbali ninaouona. Nikiona mita kumi mbele, niwe na uwezo wa kusimama ndani ya hizo kumi. Njia ikiwa ya kwenda na kurudi, ndani ya tano, maana anayekuja naye anakula zake tano.

Ninyi mmekutana na yapi?

#2
Pole sana mkuu, na tumshukuru Mungu.

Langu ni la farasi. Nilimwona kwa mbali, nikasimama pembeni upande wa juu wa mteremko, kimya kabisa, nikidhani ukimya ndiyo adabu. Farasi akalaza masikio, akaanza kurudi nyuma kuelekea ukingoni. Aliyempanda akaniambia taratibu, "Ongea, sema chochote." Nikasema habari za asubuhi kama mara nne mfululizo. Masikio yakasimama, akapita.

Baadaye yule dada alinieleza. Farasi kwa asili ni mnyama wa kuwindwa. Kitu kisicho na sauti, chenye kofia kubwa na miwani, kimemkalia juu, yeye anakiona ni mnyama anayetaka kumrukia. Ukiongea anajua ni binadamu. Kwa hiyo simama upande wa chini panapowezekana, ongea, na usimpite mpaka mwenye farasi akuruhusu.

#3
Mimi nitasema la breki, kwa sababu msongamano wa watu huzitesa kuliko mnavyodhani.

Nilikuwa kwenye mteremko mrefu nyuma ya kundi la watembeaji. Badala ya kusimama na kusubiri, nikawa nazibana breki kidogo kidogo njia nzima. Karibu na chini nikavuta mkono wa breki ya nyuma, ukaenda mpaka ukagusa usukani. Hakuna kitu. Disiki ilikuwa imepata moto na mafuta ya breki yamechemka. Nayo yalikuwa ya zamani, yameshanyonya unyevu. Breki ya mbele ndiyo iliyoniokoa.

Tatizo lenyewe ni la siku nyingi. Kule California, mbio za baiskeli za kuteremka mlima za Repack, yaani "jaza upya", zilizoanza mwaka 1976 zilipata jina hilo kwa sababu breki za kukanyaga pedali kinyume zilipata moto mpaka grisi ikaungua, ikabidi hubu, yaani kitovu cha gurudumu, ijazwe grisi upya. Breki zetu ni bora mara nyingi, ila joto ni lilelile. Kwa hiyo bana kwa nguvu, punguza mwendo, achia zipoe. Njia ikijaa, simama kabisa dakika mbili.

#4
Kengele, jamani. Kelele za "kushoto kwako!" zinawafanya watu warukie huko huko kushoto. Kengele ikilia mapema, mtu anageuka, anakuona, anaamua mwenyewe. Na ukiona spika za masikioni, jua hajakusikia.

#5
Mimi napenda kupanda mlima kwa baiskeli, napanda polepole, na ndiyo raha yangu. Mwezi uliopita nipo kwenye mwinuko wa mawe, pumzi zimebaki chache, jamaa anashuka. Hakusimama. Alisema "samahani dada" kwa upole kabisa huku akinipita, nami nikaweka mguu chini. Kwa mwenye kushuka ni sekunde tatu. Kwangu mimi gurudumu la nyuma linazunguka bure kwenye kokoto, siwezi kuanza tena, natembea mpaka juu.

IMBA, chama cha waendesha baiskeli za milimani kilichoanzishwa Marekani mwaka 1988, kinasema wazi: anayeshuka ampishe anayepanda, na mwenye baiskeli awapishe watembeaji na farasi. Kibao cha njia kikisema vingine, fuata kibao.

#6
Nakubaliana na #5, naongeza dogo. Watembeaji wengi hutupisha wao, hata kabla hatujasimama. Mshukuru mtu, na mwambie wangapi wanakuja nyuma yako. "Nyuma wapo wawili." Nimeona mzee akirudi njiani kwa amani akakutana na wa tatu.

Na kwenye madimbwi, pita katikati. Kila anayezunguka pembeni anaipanua njia, mwisho inakuwa uwanja wa tope. Ikiwa imelowa mno mpaka tairi linaacha mfereji, ahirisha.

#7 (mwenye uzi)
Nimesoma yote, asanteni. Jana nimebadilisha mafuta ya breki na nimefunga kengele karibu na kidole gumba.

Kuhusu ile kona, nilirudi kwa miguu nikasimama pale alipokuwa mtoto. Ukiwa umechuchumaa huoni kabisa anayeshuka. Nimeongea na wanaoitunza njia, wamekubali kichaka kipunguzwe, na wameomba mikono. Ni Jumamosi, saa moja asubuhi, kabla watu hawajawa wengi. Njooni na panga na glavu.