Taji gani kwa uso wa duara? Harusi Agosti, Dodoma

MwaliAreaC: Wadau, naomba ushauri. Uso wangu ni wa duara, paji dogo, shingo fupi kidogo. Gauni ni krimu, kola ya V, lesi tupu bila vito. Nitavaa wigi lenye lesi mbele. Ibada saa nane mchana, kisha picha nje, halafu ukumbini. Mama mkwe kapenda taji la duara zima, lile la kimalkia. Litanifaa?

FundiShela: Hongera mdogo wangu. La duara zima liache. Kimo chake ni kilekile kichwa kizima, kwa hiyo uso unazidi kupanuka, na kwa paji dogo linakushukia karibu na nyusi. Tafuta lenye kilele katikati, sentimita 4 hadi 6, linaloteremka taratibu kuelekea masikioni. Likizidi hapo, shingo itamezwa. Lianze vidole viwili nyuma ya nywele zinapoanzia, liinamie mbele kidogo; likilala nyuma, picha za mbele hazilioni. Rangi chukua dhahabu. Fedha yenye mawe meupe pee hufanya krimu ionekane gauni lililochakaa.

MsusiMajengo: Umbo sawa, ila mimi naogopa hilo wigi. Taji linashikwa na kilicho chini ya wigi. Suka twende kilioni nyembamba, wigi lishonwe kwa uzi juu ya mistari hiyo, sikio hadi sikio. La gundi peke yake likivutwa na shela linateleza nyuma, na jasho likianza gundi inaachia pajini. Vibanio visipite kwenye lesi ya mbele, itachanika. Vipite nyuma yake, viwiliviwili vikipishana kama X, ndani ya vitundu vya ncha za taji. Taji halina vitundu? Lifunge kwa uzi mweusi wa kushonea nywele.

KijanaWaPicha: Agosti Dodoma, na hakuna aliyetaja upepo! Shela ndefu ya neti laini inavuta kama tanga. Isishonwe kwenye taji kamwe; iwe na kitana chake, kichomekwe nyuma ya taji, ili ukumbini itoke na taji libaki. Ndefu iishie kanisani, nje vaa ya kufika kiunoni yenye pindo la lesi au shanga, ndiyo inayotulia. Ikishika vumbi, ikung'ute. Ukifuta kwa kitambaa chenye maji umeshatengeneza doa.

MwaliAreaC: Asanteni sana. Na likibana nyuma ya masikio? Kuna moja nimelijaribu kichwa kikaanza kugonga.

FundiShela: Hilo usilichukue hivyo hivyo. La waya laini ncha zake hukubali kupanuliwa kidogokidogo kwa mikono miwili, kisha uzizungushie utepe wa velveti. Lile gumu la kusubu, yaani la madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, usililazimishe, linakatika. Kabla ya kulipa livae nusu saa, wigi likiwa kichwani, maana wigi linaongeza unene. Kama ni la kukodi, pitisha kipande cha neti juu yake polepole: kinaponasa pana jiwe lililolegea au ncha kali, na hapo ndipo shela itachanikia. Mama mkwe usibishane naye. Piga picha ukiwa na kila taji, mbele na ubavuni, umpelekee achague mwenyewe.