Diski ilikuwa inakufa, fundi anafagia rejistri! Elfu 25 yangu imeenda hivihivi

Wakuu, nina hasira, mtanivumilia.

Nina steshenari ndogo Morogoro, jirani na sekondari. Nachapa mitihani na ripoti za wanachuo, natoa kopi, maisha yanaenda. Mashine yangu ni ya mezani, mtumba, Windows 10, diski ya GB 500 ile ya kuzunguka. Wiki tatu nyuma ikaanza vituko. Unabonyeza folda, unasubiri mpaka mteja anaanza kuchezea simu yake, ndiyo inafunguka. Ukicheki Task Manager, lile dirisha la Windows linaloonyesha kinachoibebesha mashine kazi, diski iko 100% na hujafungua kitu chochote. Kisha ikaja sauti: tik... tik... kama mtu anayegonga kucha mezani.

Huo mlio nilimwambia fundi. MARA MBILI nilimwambia! Jibu lake: "Mama, hiyo ni feni tu. Rejistri yako imejaa uchafu."

Akachomeka fleshi, akaweka programu ya kusafisha, mstari mwekundu ukapanda, "makosa 1,386 yamepatikana". Akanigeuzia skrini nione, utadhani ananionyesha picha ya eksirei. Akafuta yote, akachukua elfu 25, akaondoka. Mashine ikabaki nzito vilevile, na juu ya hapo printa ikapotea.

Mnaofanya hivi hebu mniambie, rejistri mnaijua? Ni daftari la mipangilio ya Windows. Mabaki ya programu ulizoondoa ni kama majina ya wateja wa zamani kwenye daftari la madeni: yapo, hayamzuii mtu kuuza. Kuyafuta hakuongezi kasi ya kuonekana. Ila ukifuta mstari usiojua kazi yake, ndiyo printa zinapotea. Microsoft wenyewe wameandika kwamba hawaungi mkono programu za kusafisha rejistri. Sasa wewe wa fleshi unawazidi?

Nikamrudisha. Sikiliza alichofanya. Akaandika chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, na /r, akasema iache ilale ikijitibu. Ile /r inasoma diski nzima, mwanzo hadi mwisho, ikitafuta sekta mbovu, yaani vipande vya diski visivyosomeka. Kwa diski inayogonga tik tik ni sawa na kumbebesha gunia mgonjwa mahututi apande Uluguru. Na HAKUNAKILI hata faili moja kwanza. Asubuhi nimekuta imekwama 11%. Nikazima, nikawasha, skrini ya bluu: c0000218. Faili la rejistri limegoma kusomeka. Yaani ile rejistri aliyoisafisha!

Nikampigia. "Usijali Mama, Windows inajitunzia nakala ya rejistri kwenye folda ya RegBack. Ikishindikana nakupigia windo mpya, elfu 15 tu." Yaani kuweka Windows upya juu ya diski maiti!

Nikaipeleka kwa kijana mmoja Msamvu. Huyu hakuwasha hata mashine. Akafungua kava, akatoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akafungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski. Nyekundu. Akanionyesha mistari miwili, 05 na C5: sekta zilizokwisha kubadilishwa na zile zinazosubiri kwa sababu hazisomeki. Dakika mbili, na hakunidai kitu kwa kuangalia. Hiyo RegBack tukaifungua pia. Mafaili yapo na majina yake, ukubwa 0 KB. Kumbe tangu Windows 10 toleo la 1803 Microsoft waliacha kuijaza. Fundi wangu bado anaishi mwaka gani sijui.

Kijana ameanza kunakili sekta kwa sekta kwa ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu, kwenda diski nyingine, kazi inakwenda siku ya pili leo. Anasema kama tungeanza na hilo kabla ya ile /r, tungeokoa zaidi.

Najua mnakuja na "bakapu je?" Nilikuwa nayo, ya mwezi wa nane, kwenye fleshi. Mwanangu ameifuta akaweka katuni. Hilo ni langu, nimelimeza. Lakini la elfu 25 silimezi. Leo nimempigia fundi mara nne, simu inaita mpaka inakata.

Mwanachuo wangu anakuja kesho saa nne kuchukua ripoti yake, anaiwasilisha mchana. Kurasa 38, faili linaonekana ila halifunguki. Mwenye kujua namna ya kuchomoa maneno kwenye faili la Word lililoharibika aniambie usiku huu, nipo macho.