Tupeane uzoefu: maneti (kile kishikio cha kuchezea gemu) ikitetemeka mkononi, mwili wako unafanya nini?

Ndugu zangu wa Goma na Bukavu, picha za gemu tumeziongelea sana, leo tuongelee sauti na mtikisiko. Naanza mimi. Nyiragongo, ule mlima wa volkano wa hapa Goma, ililipuka 22 Mei 2021, na siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku, mpaka ukikaa kwenye kiti hujui ni mguu wako ama ni chini. Tarehe 27 tukaambiwa tuhame, sisi tukashika njia ya Sake. Tukarudi, maisha yakaendelea, miezi ikapita, ndipo siku moja mdogo wangu akaniwekea gemu ya magari, gari likagonga ukuta, maneti ikanguruma mkononi, nikajikuta niko nje kwenye mawe bila viatu na mama ananifuata amebeba mtoto, anauliza "mlima tena?"

Nilifungua ile maneti baadaye. Ndani kuna vimota viwili, kila kimoja na chuma kizito upande mmoja, kikizunguka kinayumba. Kikubwa ndo kinatoa ule mngurumo mzito. Kitu kidogo hivyo!

Wa Kadutu, Bukavu: Pole mkubwa. Kwangu mimi ni sauti ya risasi. Ukivaa spika za masikio, gemu ya vita inakuonyesha kabisa hatua za mtu ziko nyuma kushoto, na shingo inageuka yenyewe. Wenzangu wanaipenda hiyo, mimi nacheza bila sauti, napigwa kila mara lakini usiku nalala.

Wa Birere, Goma: Niko na chumba cha gemu. Kwa mpira, ile kelele ya mashabiki ndo inawasimamisha watoto kabla goli halijaingia. Nikizima sauti wanacheza wamekaa tu, mtu akifunga hata hapigi kelele.

Wa Himbi, Goma: Mi natapika tu jamani, gemu za kutembea ukitazama kwa macho ya mchezaji.

Mimi tena: Dada wa Himbi, macho yanasema unatembea, sikio la ndani linasema umekaa, wanagombana humo kichwani. Kaa mbali na televisheni, ongeza upana wa kuona kwenye mipangilio, na ukianza kutoka jasho acha hapohapo, usilazimishe.

Wa Kadutu, mtikisiko kwangu nimeuzima mpaka leo, mdogo wangu anauwasha nikitoka. Sasa nyinyi wa Lubumbashi ambao mlima haujawafukuza, ule mngurumo mkononi unawapa raha kweli? Mnausikiaje?