Risiva inajizima katikati ya filamu na maongezi hayasikiki: niiuze au kuna dawa?

Kijana wa Mzee

Wakuu, heshima kwenu. Naombeni ushauri wa watu mnaomiliki risiva za sinema ya nyumbani (ile mashine inayopokea sauti ya tivi na kuziendesha spika). Sitafuti maneno ya matangazo, nataka ya mtu aliyekaa nayo sebuleni akazijua tabia zake.

Yangu ni ya chaneli 7.2 (njia saba za spika na mbili za sabufa, yaani spika ya besi), niliinunua ikiwa imeshatumika. Nimefunga spika tano na sabufa moja: mbili za mbele, moja ya kati chini ya tivi, mbili za nyuma. Zile za mbele ni za omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme), ninazo tangu zamani. Risiva imeungwa na tivi kwa HDMI ya ARC (inayorudisha sauti ya tivi kwenye risiva), na filamu nyingi tunaziangalia kwa programu zilizomo ndani ya tivi yenyewe.

Shida ni mbili. Ya kwanza ni maongezi. Muziki unajaa chumba, mlipuko unatikisa madirisha, lakini watu wakianza kuongea utadhani wako chumba cha pili. Baba yangu anaishi nasi. Masikio yake yamepungua nguvu, na ndiye mpenzi mkubwa wa filamu hapa nyumbani. Kila baada ya dakika mbili ananiuliza, "Amesemaje?" Naongeza sauti mpaka aelewe, halafu bunduki zinalia na mtoto anaamka. Siku hizi mzee ameanza kujifungia chumbani na redio yake. Hilo linaniuma kuliko pesa niliyoitoa.

Ya pili, risiva inajizima. Filamu ikifika kama dakika arobaini, hasa penye vurugu nyingi, inalia "tak", kimya, taa nyekundu inawakawaka. Nikiiacha robo saa nikaiwasha tena, inapiga kazi kama kawaida.

Wenzangu mmepitia haya? Ndivyo risiva zilivyo? Nafikiria kuiuza nichukue saundiba (ile spika moja ndefu ya kukaa chini ya tivi). Natanguliza shukrani.

Sebule Ndogo

Mkuu, mimi niliuza yangu baada ya miaka sita nikachukua saundiba, na sijutii. Chumba changu ni kidogo, na kila aliyemo ndani anaiwasha kwa rimoti moja bila kuniita. Kama hoja ni mzee asikie maongezi tu, saundiba yenye spika yake ya kati inaweza kukutosha.

Ila nikwambie nilichokikosa. Mvua kwenye filamu ilikuwa inanizunguka, sasa inanyesha mbele tu. Na saundiba ikiharibika amplifaya yake, unaitupa nzima. Risiva ikifa, spika zako bado unazo.

Fundi Waya

Usiuze bado. Taa hiyo ni risiva inajilinda. Ndani yake kuna sakiti inayoangalia mkondo unaokwenda kwenye spika na joto la vyuma vya kupoza. Kimojawapo kikipita kiasi, inakata kabla transista hazijaungua. Hiyo "tak" unayoisikia ni relei (swichi ya ndani) ikiachia spika.

Fanya hivi. Chomoa risiva kwenye umeme, kisha toa waya zote za spika kwa nyuma. Iwashe, icheze filamu bila spika yoyote kwa saa moja na zaidi. Ikijizima hata hivyo, kasoro iko ndani na inahitaji fundi mwenye vifaa. Isipojizima, chunguza waya moja moja, ncha zote mbili. Mara nyingi unakuta uzi mmoja mwembamba wa shaba umetoka kwenye tundu jekundu na kugusa jeusi. Unaweza kucheza wiki nzima salama, sauti ikipanda uzi unatikisika, unagusa, kwisha. Pindapinda nyuzi ziwe kitu kimoja kabla ya kuingiza, au funga plagi za ndizi uondokane na hofu hiyo.

Kinachofuata ni joto. Hukusema risiva umeiweka wapi. Amplifaya za aina hii hupoteza sehemu kubwa ya umeme kama joto, na joto hilo linatokea juu. Ikiwa iko ndani ya kabati, au juu yake umeweka king'amuzi au mashine ya michezo, umeifunika mdomo. Iachie angalau sentimita 10 juu, zaidi kama nafasi ipo, na nyuma pawe wazi.

Halafu hizo omu 4. Kwa volti ileile, spika ya omu 4 inavuta mkondo mara mbili ya spika ya omu 8. Soma nyuma ya risiva, kando ya matundu ya spika, pameandikwa kiwango cha chini inachokubali. Ikiwa ni omu 6, basi unaitwisha mzigo. Haimaanishi utupe spika, kuna njia ya kuipunguzia kazi. Lakini anza na waya na hewa.

Dada Sikivu

Kaka, swali moja kabla hatujafika mbali: filamu ikiwa inacheza, kioo cha mbele cha risiva kinaandika nini? Dolby (sauti ya chaneli nyingi), au Stereo (chaneli mbili), au PCM (sauti ya dijitali isiyobanwa)?

Nauliza kwa sababu miezi minne nzima nililaumu risiva bure. Tivi nyingi zina mahali kwenye menyu ya sauti pa kuchagua sauti ya dijitali itoke vipi. Ikiwa ni PCM, mara nyingi tivi hukoroga chaneli zote sita za filamu zikawa mbili ndipo ipeleke. Spika yako ya kati inabaki bila kazi au inabahatisha. Na kwenye filamu karibu maongezi yote yamewekwa chaneli ya kati! Nenda kwenye menyu ya tivi (si ya risiva), badilisha iwe "Bitstream" (sauti ipite kama ilivyo) au "Auto", kisha tazama kioo tena.

Na mtu asikudanganye kwamba lazima ununue risiva mpya yenye eARC (ARC mpya inayopitisha sauti nzito zaidi). ARC ya kawaida inapitisha Dolby Digital ya 5.1, na hata Dolby Digital Plus yenye Atmos (sauti inayotoka hata juu yako) inayotumiwa na programu za filamu, ilimradi tivi na risiva zote zinaielewa. eARC unaihitaji kwa sauti isiyobanwa au ya TrueHD iliyo kwenye diski za Blu-ray, na hata hiyo unaikwepa kwa kuchomeka deki ya diski moja kwa moja kwenye risiva. Waya wa mwanga (optical) ndio usioweza Atmos kabisa.

Jambo la mwisho: spika ya kati isizame ndani ya rafu. Ivute mpaka uso wake ulingane na ukingo wa rafu, iinue kidogo kwa mbele ielekee usawa wa masikio ya mzee. Ikilenga magoti, herufi kama s na t zinapotea, na hizo ndizo zinazomsaidia mwenye masikio mazito kutofautisha maneno.

Kijana wa Mzee

Dada Sikivu, Mungu akubariki. Kioo kilikuwa kinaandika Stereo. Tivi ilikuwa PCM muda wote huu. Nimebadilisha, sasa kinaandika Dolby Digital Plus na spika ya kati inaongea kweli.

Fundi, risiva ilikuwa ndani ya kabati, na juu yake mashine ya michezo ya mdogo wangu. Nilipochunguza waya nikakuta uzi umetoka kwenye spika ya nyuma kulia, ingawa sina hakika kama ulikuwa unagusa. Nyuma pameandikwa omu 4 hadi 16, kwa hiyo spika zangu zinakubalika. Nimeitoa kabatini na jana imemaliza filamu ya saa mbili na nusu bila kuzima.

Mzee bado anauliza "amesemaje" sehemu zenye muziki mzito. Nimeongeza chaneli ya kati kwa desibeli 3, bado.

Besi Nzito

Mkuu, je, umewahi kufanya upimaji wa chumba kwa ile maikrofoni ndogo inayokuja na risiva? Denon na Marantz wanatumia Audyssey, Yamaha wana YPAO, nyingine zina Dirac. Watu wengi wanaifanya kwa haraka, maikrofoni imelazwa juu ya mgongo wa kochi, feni inavuma, mtoto anapita. Hapo risiva inapima mgongo wa kochi.

Iweke juu ya stendi ya kamera, usawa wa masikio, mbali kidogo na kochi. Kipimo cha kwanza kiwe mahali mzee anapokaa, kwa sababu umbali na viwango vya spika vinahesabiwa kutoka hapo. Zima kila kitu kinachovuma na wote watoke chumbani.

Ukimaliza, ingia kwenye menyu uangalie imeziitaje spika za mbele. Mara nyingi inaziandika kuwa kubwa. Zigeuze ziwe ndogo na uweke krosova (mpaka wa kugawa besi) 80 Hz. Ukubwa hapa hauhusu umbo la spika. Ukichagua ndogo unaiambia risiva ipeleke besi ya chini ya 80 Hz kwa sabufa, ambayo ina amplifaya yake yenyewe. Besi ndiyo inayokula nguvu, kwa hiyo hapo ndipo unapoipunguzia risiva ule mzigo wa omu 4 aliousema Fundi. Na besi ikiondoka kwenye spika ya kati, sauti ya mtu inatakata.

Kimya Kikuu

Naheshimu aliyesema hapo juu, ila mimi upimaji huo nilifanya mara saba na mwisho nikauzima. Ulinifanya muziki uwe mkavu. Nikapima umbali kwa futi kamba, nikasawazisha viwango kwa kifaa cha kupimia sauti, nikaacha hapo. Kwangu sauti ni bora hivyo.

Kama una Audyssey, angalia kitu kinaitwa Dynamic EQ. Ukisikiliza kwa sauti ya chini, chenyewe kinainua besi na spika za nyuma ili usikie kama uko sinema. Ni wazo zuri, lakini kwa mzee wako ni balaa, maana kinainua vilevile vinavyomfunika msemaji. Kizime, au pandisha Reference Level Offset hadi 10 au 15.

Besi Nzito

Kwenye muziki sitabishana nawe, kila mtu na sikio lake. Kwenye filamu bado nasema apime. Dynamic EQ azime, hapo tuko pamoja.

Dada Sikivu

Tafuta pia setingi ya usiku, au ya kubana tofauti ya sauti. Kila kampuni inaiita jina lake: Dynamic Volume kwa wenye Audyssey, wengine wanaandika DRC. Inashusha milipuko na kupandisha minong'ono. Wapenzi wa sauti safi wanaidharau, lakini kwenye nyumba yenye mtoto aliyelala na mzee asiyesikia vizuri, ndiyo iliyoturudisha sote kochi moja. Anza na kiwango cha chini kabisa, kile cha juu kinafanya sauti ya filamu ipande na kushuka ovyo.

Mgeni wa Wati

Samahani kuingilia. Nataka kununua ya kwanza. Nimeona moja ya wati 150 kwa chaneli na nyingine ya wati 80, bei karibu sawa. Si nichukue ya 150?

Fundi Waya

Soma maandishi madogo, ndugu. Hiyo 150 mara nyingi imepimwa kwa chaneli moja tu, omu 6, mlio wa 1 kHz, na sauti ikiwa imeharibika kwa asilimia 10. Tafuta kipimo cha 20 Hz hadi 20 kHz, omu 8, chaneli mbili zikifanya kazi pamoja. Unaweza kukuta hiyo ya 150 na hiyo ya 80 ni ndugu mapacha.

Hata kama tofauti ni ya kweli, kuzidisha wati mara mbili kunakuongezea desibeli 3 tu, ambazo sikio linazitambua kidogo. Spika yenye desibeli 90 kwa wati moja itakusaidia kuliko risiva kubwa yenye spika ya 84. Na kama unacheza michezo kwa 4K ya 120 Hz, uwe makini na risiva zilizotumika: baadhi ya zile za kwanza zenye HDMI 2.1, za mwaka 2020, zilitoka na chipu yenye kasoro, ukiunga Xbox Series X picha haiji. Ijaribu mbele ya muuzaji.

Kijana wa Mzee

Wakuu, narudi na majibu. Wiki mbili, haijajizima hata mara moja. Nimepima chumba upya kwa stendi, spika zote ndogo, krosova 80, Dynamic EQ nimezima, setingi ya usiku iko kiwango cha chini.

Juzi tulikuwa tunaangalia filamu ya upelelezi, mtu ananong'ona nyuma ya mlango. Mzee akaniambia, "Huyo anamdanganya mwenzake." Hakuniuliza amesemaje. Nilitoka kidogo nje, nikarudi.

Saundiba nimeiacha. Limebaki swali moja: sabufa iko mita 2 kutoka tunapokaa, lakini risiva baada ya kupima imeandika mita 3.9. Nirekebishe?

Besi Nzito

Usiguse. Vichujio vilivyo ndani ya sabufa vinaichelewesha sauti, na risiva inauandika ucheleweshaji huo kama umbali. Kila mita ni kama milisekunde 3. Ukiweka 2, besi itachelewa kufika.

Kijana wa Mzee

Sawa, nimeiacha hivyo hivyo. Leo mzee ndiye anayechagua filamu.