Tuzo ya fedha kwa muuguzi wa serikali: tumkabidhi mwenyewe, tupitishe kwa mwajiri, au tuipe zahanati?

Mkazi wa Likoni

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu kabla hatujakosea kwa nia njema. Kikundi chetu cha wakazi kimechanga Sh. 150,000 za kumtuza muuguzi mmoja wa zahanati ya serikali iliyo karibu nasi, atakayechaguliwa kwa kura za wagonjwa. Wengi wanataka akabidhiwe fedha taslimu mbele ya watu, kwa kuwa cheti hakilipi karo ya watoto. Baadhi wanasema fedha zipitie serikali ya kaunti, ambayo ndiyo mwajiri wake. Mimi nilipendekeza tununue mashine za kupimia presha, nikajibiwa kwamba huo ni msaada kwa zahanati na wala si tuzo ya mtu. Njia ipi ni halali, na ipi ni ya haki? Nayaona haya kuwa maswali mawili tofauti.

Wakili wa Nyali

Ni mawili kweli, na la kwanza lina jibu gumu kuliko mnavyodhani. Kifungu cha 76 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema kwamba zawadi anayopewa afisa wa dola katika hafla ya umma au ya kikazi ni zawadi kwa Jamhuri, na hukabidhiwa Serikali isipokuwa pale sheria ya Bunge inaporuhusu vinginevyo. Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012, katika sehemu ya 14, ilifungua mlango mdogo kwa zawadi za heshima na ukarimu wa kawaida, lakini ikaweka sharti kwamba zawadi hiyo isiwe ya fedha. Msidhani kwamba hayo yanawahusu mawaziri na magavana peke yao, kwa maana sehemu ya 52 ya sheria hiyo hiyo iliwafikishia maafisa wote wa umma masharti hayo ya maadili, na muuguzi wa kaunti ni mmoja wao. Mwaka 2025 ikaja pia Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyofuta Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, kwa hiyo yeyote anayewashauri kwa kutegemea nakala ya zamani anawapotosha. Bahasha mbele ya umati ndiyo njia mbaya kuliko zote mlizotaja, hata kama kila mmoja wenu ana moyo safi.

Mwalimu wa Kilifi

Kwa heshima zote, Wakili, mbona mwalimu Peter Tabichi wa shule ya Keriko, kaunti ya Nakuru, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani ya dola milioni 1 mwaka 2019 kule Dubai, na nchi nzima ikamshangilia? Mwaka 2022 muuguzi Anna Qabale Duba wa Marsabit naye alipata tuzo ya kimataifa ya wauguzi ya dola 250,000 huko huko Dubai. Hao walikuwa watumishi wa umma. Ikiwa mamilioni yanapokelewa kwa vifijo, sioni kwa nini laki moja na nusu ya wakazi wa Likoni iwe na doa.

Muuguzi wa Zamu

Mwalimu wangu, tofauti haiko kwenye kiasi. Iko kwenye umbali kati ya anayetoa na anayepokea. Wale waliompigia kura Tabichi hawakuwa wazazi wanaosubiri alama za watoto wao, na jopo lililomchagua Anna halikupanga foleni mlangoni pake. Hapa mnaotoa ndio mnaohudumiwa. Kesho mmoja wenu atakuja usiku na mtoto mwenye homa kali, atamkuta mshindi wenu kazini akiwa na wagonjwa wengine kumi waliotangulia, na hata akifuata zamu kwa uaminifu, wale kumi watamtazama kwa jicho jingine. Nimefanya kazi wodi ya uzazi kwa miaka mingi, na najua jinsi neno "asante" lilivyo jepesi kugeuka. Huanza kama shukrani ya mama mmoja aliyejifungua salama, kisha huwa desturi, na mwishowe mama asiye na kitu huona aibu kuja kujifungulia hospitalini.

Hizo kura za wagonjwa nazo zinanitia wasiwasi. Atakayepigiwa kura ni yule anayeonekana, labda wa meza ya chanjo mwenye tabasamu. Yule anayesafisha vidonda, au anayekesha peke yake, hana wa kumtaja. Mkitoa, toeni kwa wote.

Mtumishi wa Dodoma

Huku Tanzania njia ya mwajiri tumeizoea. Kila Mei Mosi taasisi humtangaza mfanyakazi bora, naye hupewa cheti na fedha. Kisheria ni salama zaidi, kwa sababu fedha zinatoka kwenye bajeti iliyoidhinishwa na anayetoa hatarajii upendeleo dirishani. Hata hivyo ina ugonjwa wake. Mahali nilipowahi kufanya kazi, jina la mshindi lilijulikana wiki mbili kabla ya kamati kuketi, na wa mwaka uliofuata alichaguliwa kwa kuwa tu ilikuwa zamu ya idara yake. Kwa hiyo mkiikabidhi kaunti fedha, andikeni vigezo na mwombe viheshimiwe.

Tusisahau pia somo la takrima, yaani zawadi ambazo wagombea waliwapa wapiga kura. Sheria yetu ya uchaguzi iliwahi kuihalalisha kama ukarimu wa kiasili, hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Vilevile Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haitazami kishawishi kinachotangulia kazi peke yake. Inagusa pia malipo yanayotolewa baada ya kazi kufanyika, kwa hiyo utetezi wa "tulimpa baadaye" hautoshi.

Mwalimu wa Kilifi

Nakubali hoja ya umbali, sikuwa nimeitazama hivyo. Basi napendekeza njia ya nne. Tuzo ya Mo Ibrahim hupewa wakuu wa nchi za Afrika waliokwisha kuondoka madarakani, kama Joaquim Chissano wa Msumbiji mwaka 2007 na Festus Mogae wa Botswana mwaka 2008. Kwa nini wakazi wasimtuze muuguzi siku anapostaafu?

Wakili wa Nyali

Ni njia bora kuliko ya bahasha, kwa sharti moja: asiahidiwe akiwa bado kazini. Mkitangaza leo kwamba fulani atapewa fedha akistaafu mwakani, mmempa ahadi ya malipo kwa mwaka mzima wa kazi. Na nina swali kwako, Mkazi wa Likoni: hizo Sh. 150,000 zimetoka kwa nani na nani?

Mkazi wa Likoni

Swali hilo limenikosesha usingizi jana. Nimekagua daftari nikakuta Sh. 40,000 zimetoka kwa mwenye duka la dawa ambaye huiuzia zahanati hiyo hiyo vifaa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, nadhani, lakini sisi tungepiga picha ya muuguzi akipokea fedha za mwenye duka huyo. Leo asubuhi tumemrudishia, naye amepokea bila kinyongo.

Zilizobaki ni Sh. 110,000. Tumeandika barua kwa ofisi ya afya ya kaunti kuomba ruhusa ya kununua mashine za presha kwa jina la zahanati, pamoja na barua za shukrani zenye majina ya wauguzi wote, wa zamu ya usiku wakiwemo, zihifadhiwe kwenye mafaili yao. Kura za wagonjwa tumezifuta. Kuhusu wastaafu, mama mmoja ataondoka kazini kabla ya mwaka kuisha, na tumekubaliana kwamba jina lake lisitajwe tena kikaoni hadi siku hiyo ipite.